Presha Haikuwa ya Manase: Maisha ya Damari Nathan Msengi, 1970–2025

Mchungaji, wazee wetu, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Mtinko kutoka karibu na mbali, poleni kwa msiba. Wasifu huu umeandikwa na Benson Nathan, mdogo wake marehemu wa kumfuata, na ndiye anayeusoma. Marehemu alimchagua mwenyewe kwa kazi hii, kwa maelezo kwamba Benson ni mwalimu na mwandiko wake unasomeka, ingawa maneno yake ni mengi. Atajitahidi.

Damari alizaliwa tarehe 9 Mei 1970 katika kijiji cha Iguguno, ambacho siku hizi kiko Wilaya ya Mkalama. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Nathan Msengi na Mama Elizabeti, wazazi ambao wote wawili wametutangulia. Alibatizwa mwaka huohuo, na habari iliyobaki katika familia ni kwamba alilia ibada nzima, akanyamaza mchungaji aliposema amina.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1978 na kumaliza la saba mwaka 1984. Hesabu alizipenda, lakini kuimba alikupenda zaidi, na sauti hakujaliwa. Mwalimu wa kwaya ya shule alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Damari alikataa. Aliendelea kuimba hivyohivyo kwa miaka arobaini, shuleni na kanisani, na wanakwaya wa Mtinko mliopo hapa mnajua mlichovumilia.

Tarehe 15 Septemba 1990 alifunga ndoa na Joshua Ntandu wa hapa Mtinko. Shangazi zetu walilalamika kwamba binti wa Kinyiramba anapelekwa mbali kwa Wanyaturu, kana kwamba anavushwa bahari. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wanakuja kukaa kwake mwezi mzima na hawataki kuondoka. Joshua na Damari walipendana. Waligombana pia, hasa juu ya mbuzi, lakini hakuna aliyewahi kuwaona wakila bila kungojana.

Mimba ya kwanza ilimtesa. Kuanzia mwezi wa saba wa mimba uso na miguu vilivimba, kichwa kikauma bila kuacha, na macho yakaanza kuona ukungu. Mwishoni mwa Januari 1992 alianguka kwa kifafa cha mimba. Joshua alisimamisha lori lililobeba mahindi, akampakia juu ya magunia na kumfikisha hospitali akiwa hajitambui. Presha ilikuwa juu sana. Akalazwa, na tarehe 3 Februari mtoto akatolewa kabla ya siku zake akiwa na uzito wa kilo moja na gramu mia nane. Huyo ndiye Manase. Mkimtazama leo alivyo, mtasema tunawadanganya.

Sasa, katika ukoo wetu kuna mazoea ya tangu zamani, na wengi wenu mnayo pia: shida ya mimba hupewa jina la mtoto aliyekuwa tumboni. Kichefuchefu kinakuwa cha fulani, kiungulia kinakuwa cha fulani. Kwa hiyo ugonjwa ule uliotaka kumwondoa dada yetu ukaitwa presha ya Manase. Walipompima wiki ya sita baada ya kujifungua, presha ilikuwa imeshuka. Hakuna aliyemwambia arudi mwaka uliofuata, naye hakuuliza. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, maana mwenye presha alikuwa amefungwa mgongoni, amelala fofofo.

Dina alipozaliwa tarehe 21 Novemba 1996, yeye alipewa udongo. Katika mimba ile marehemu alibandua ukuta wa jiko la mama mkwe wake na kuutafuna, na hadi leo Dina anaambiwa aende akazibe shimo lake. Watoto hawa walikua wakitaniwa hivyo kila siku. "Manase, niletee maji ya kunywa," mama yake alikuwa akisema, "presha yako ilitaka kunitoa roho." Manase alikimbia kuyaleta. Alikuwa mtoto mwepesi kutumwa, na sote tulicheka.

Mwaka 2001 marehemu alianza kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Mtinko, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyepokea mbegu. Alichota kiganjani, akang'ata tatu, akatafuna taratibu huku mwenye mzigo akimtazama kama mtu anayesubiri hukumu. Kama hazijakauka alisema, "Baba, rudi nazo ukazianike siku mbili." Wanaume wazima walibishana naye, wakapandisha sauti, wakaishia kupakia magunia yao upya kwenye baiskeli. Baada ya siku mbili walirudi, na yeye aliwapokea kwa uchangamfu na kuuliza habari za watoto, kila mtoto kwa jina lake.

Kuanzia mwaka 2017 alianza kuchoka. Alipanda kilima kidogo cha kwenda nyumbani akisimama mara tatu. Jioni miguu ilivimba, akalegeza kanda za viatu. Alikohoa, akasema ni vumbi la makapi. Alianza kulala ameegemea mito, akasema ni uzee, naye hajafika hata miaka hamsini. Kibaya zaidi ni kwamba mara mbili wahudumu wa afya walikuja kupima watu kijijini na wakamuuliza kama ana historia ya presha. Alijibu hapana. Foleni ilikuwa ndefu, akapisha wenye shida. Joshua alikuwa kando yake akitikisa kichwa kukubali. Hawakudanganya, wapendwa. Waliamini hivyo kwa moyo mweupe.

Tarehe 12 Machi 2019 alishindwa kumaliza njia ya nyumbani. Manase, ambaye wakati huo alikuwa dereva Singida mjini, alikuja kumchukua na kumpeleka hospitali. Presha ilikuwa 192 kwa 118. Picha ya moyo ilionyesha kwamba moyo umepanuka na umechoka kusukuma damu. Daktari aliyempokea, mama mmoja anayeitwa Saada, alimuuliza kama aliwahi kuwa na presha.

"Hapana, daktari. Sijawahi."

"Hata kwenye uzazi?"

"Aa, ile ilikuwa ya Manase."

"Manase ni nani?"

"Si huyu hapa."

Manase alikuwa amesimama mlangoni, amebeba mkoba wa mama yake. Daktari alimtazama kijana mwenye mabega kama mlango, akacheka kidogo, halafu akavuta kiti akakaa karibu na mgonjwa.

"Mama, mtoto alitoka akaenda zake. Mishipa na moyo vilibaki kwako," alisema. "Mwanamke aliyepata presha kali ya mimba anabaki na hatari kubwa ya presha na ugonjwa wa moyo kuliko wenzake, hata miaka ishirini au thelathini baadaye. Mimba ilitupa habari mapema. Ulitakiwa upimwe kila mwaka tangu wakati ule."

"Hakuna aliyeniambia."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia leo."

Marehemu alirudi nyumbani na dawa na masharti, na aliyafuata. Alikunywa vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa. Aliacha kazi ya mashine. Chumvi ikapungua katika nyumba ile kiasi kwamba Joshua, aliyejifunza kupika mlenda kwa ajili yake, alikuwa anauonja na kusema, "Mama Manase, hiki ni chakula au ni adhabu?" Kisha anakula naye kutoka sahani moja. Daktari alisema dawa zile zilimpa miaka sita. Tunamshukuru Mungu kwa kila siku ya miaka hiyo.

Lakini Manase alitoka hospitali siku ile na nusu ya maneno. Alichosikia ni kwamba ugonjwa ulianza na yeye. Aliacha kazi mjini, akarudi kulima hapa Mtinko, na hakumwacha mama yake abebe hata ndoo ndogo. Watu walimsifu kuwa mtoto mwema, na ni kweli ni mwema. Sisi tuliomjua tuliona kwamba hachezi tena, hatanii, na mama yake akikohoa yeye anainamisha kichwa kama aliyekamatwa. Utani wetu wa miaka yote ulikuwa umegeuka kuwa kesi, na alikuwa amejihukumu peke yake.

Tarehe 17 Oktoba 2023 mke wa Manase, Marietha, alijifungua mtoto wa kiume, Nathan, baada ya kupandwa na presha katika miezi ya mwisho. Kina mama walikuja kumwona mtoto, na mmoja wao akasema kwa furaha, "Loo, presha ya Nathan ilikusumbua!" Marehemu alisimama na mtoto mikononi. "Mtoto huyu hana presha," alisema. "Presha ni ya Marietha, na tutaipima mwaka kwa mwaka, hata mimi nikiwa sipo. Na nyie mliowahi kuambiwa mna presha ya mimba, kesho twende zahanati, nitawasindikiza." Walikwenda wanane, wakitembea polepole kwa sababu yake. Watatu wako kwenye dawa sasa. Marietha amepimwa kila mwaka, na yuko salama.

Mwaka huu moyo ulizidi kuchoka. Marehemu alilazwa Jumatatu tarehe 4 Agosti. Aliongea vizuri na wote waliomtembelea, akauliza kama alizeti za mwaka huu zimekamuliwa, na ni nani anayezipokea. Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Joshua alikuwa amemshika mkono. Tumeumia, na hatuna neno lingine la kuweka hapo.

Marehemu ameacha mume, Joshua Ntandu; watoto wawili, Manase na Dina; mkwe, Marietha; mjukuu, Nathan; ndugu wanne; na kwaya nzima.

Imebaki kazi moja. Jumapili tarehe 20 Julai, baada ya ibada, marehemu alimwita Benson aje na kalamu. Siku chache kabla, alikuwa amemsikia Manase nyuma ya nyumba akimwambia Dina, "Mimi ndiye ninayemuua mama." Hakumwita kijana wakati ule. Alisema akimwambia peke yake atadhani anapozwa tu, kwa hiyo ataambiwa mbele ya watu wote waliozoea kusema presha ya Manase, ili nao wasikie na waache. Benson alimkumbusha kwamba katika wasifu marehemu hasemi mwenyewe.

"Sheria zako peleka shuleni," dada alijibu. "Hapa andika ninavyosema."

Akasema hivi:

"Manase mwanangu, presha ilikuwa yangu. Nilikubebesha tangu ukiwa mchanga, kwa sababu nilipenda kukutania, na sikujua ninachosema. Nisamehe. Hukuniletea ugonjwa. Ulichoniletea ni jina, nimeitwa Mama Manase miaka thelathini na mitatu, na sijawahi kuliitikia kwa uchungu hata siku moja. Sasa najua uko nyuma huko unapanga viti vya watu. Acha. Njoo ukae karibu na baba yako."

Kiti kipo, Manase. Tutakusubiri ufike.

Nawe, Mama Manase, pumzika sasa kwa amani.