Hugues Ngoy, Mutu wa Kuuliza Takataka Inaenda Wapi

Wapendwa, tunayemuzika ni yaya yangu, kaka mukubwa, Hugues Ngoy. Miye Chouchou, kitindamimba, nimepewa kusoma. Mukinisikia nakasirika, muniache.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kule Kilwa, upande wa Congo wa Ziwa Mweru. Alisoma shule ya musingi palepale, akamaliza sekondari Likasi.

Mwaka 1983 alipata kazi Lubumbashi, kusimamia pusupusu, mikokoteni ya kusukuma takataka, katika komini moja ya muji. Mwaka 1986 alimuoa Mathilde. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe aliona maganda ya mihogo nyuma ya jikoni, akavua koti, akaanza kuchimba shimo. Baba mukwe akauliza, "Huyu anakuja kuoa, ao anakuja kutuhukumu?" Lakini akamupa binti.

Alirudi Kilwa mwaka 2016 kumutunza mama. Mwisho wa 2017 vita ikamukimbiza huku Zambia. Mama alikataa kupanda boti. Mama alikufa mwaka 2019, akazikwa bila yeye, maana hapa kambini Mantapala mukimbizi hatoki bila karatasi ya ruhusa.

Miji hakuweza tena kuiona, basi akaiuliza kupitia wageni. Mugeni hajakaa, hajapewa maji, anaulizwa, "Kwenu takataka inaenda wapi?" Wa Ndola alisema soko lao liko na makontena, yaya akataka kujua nani anayamwaga. Kwa Lubumbashi, yaya alisifu vijana wa pusupusu, akalaumu mvua inayorudisha yote mitaroni. Kwa Nchelenge, muji wa karibu hapa, alipenda kila nyumba na shimo lake, ila magamba ya samaki pale ufukoni yalimuudhi. Muzungu mumoja alisema kwao wanatenganisha maganda, chupa na karatasi. "Na majivu?" Hawana majivu. Yaya akamuhurumia kabisa: "Sasa munapikaka na nini?"

Siku moja alipata ruhusa, akaenda Kabuta, huku upande wa Zambia wa ziwa, kununua samaki pamoja na jirani yetu Kasonde. Ufukoni wakakuta chupa za plastiki zenye maandishi ya Congo, zimeletwa na maji. "Angalia, Kasonde. Chupa inavuka bila karatasi. Miye niko mutoto wa kule, na niko naomba ruhusa." Alilia. Akaokota moja, akarudi nayo.

Figo zilianza kumusumbua Novemba 2023. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Juni 2024. Aliomba kitu kimoja tu: alale karibu na mama. Tuliomba ruhusa ya kumuvusha, tumeambiwa tungoje. Maiti haingoji. Hilo linaniuma, na sitalificha.

Ameacha mujane Mathilde, watoto Mwenya na Blessings, na miye.

Munajua desturi: kiwanja cha matanga hakifagiwi mpaka maiti izikwe. Tumekaa katikati ya maganda, na yeye asingevumilia. Tukitoka hapa Mathilde atafagia. Ile chupa ya Kabuta ameshaiosha. Tutaijaza udongo wa kaburi hili. Kesho Ngosa, muvuvi wa Kabuta, anavuka kwenda Kilwa, ataumwaga pale mama alipolala.

Yaya, chupa haiulizwi karatasi. Vuka, upumzike kwa amani karibu na mama.