Paschal na Bangi Yake Fupi

Baba Paroko, mwenyekiti wa kitongoji, ndugu na jirani mliotoka Kibiti mjini, Mtawanya na kwingineko, haya ni maisha ya Paschal kama mama yake mzazi, Theopista, alivyotaka yasomwe, bila kupunguzwa.

Paschal alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1991, hapa Kibiti, mtoto pekee wa Theopista, aliyekuja kutoka Bukoba kufanya ukarani katika ghala la korosho. Alianza shule ya msingi Mtawanya mwaka 1999, akamaliza kidato cha nne mwaka 2009, kisha akaajiriwa katika duka la pembejeo, ambako alijifunza kuotesha karibu kila kitu.

Tarehe 11 Juni 2016 alifunga ndoa na Devotha, wakajaliwa watoto wawili, Recho na Silvesta.

Mwaka 2021 dereva wa lori alimletea mbegu ya bangi, si ile ndefu iliyozoeleka, bali fupi, yenye majani mapana na maua mazito, akaipanda katika shamba lake la Mtunda, katikati ya mihogo, aking'oa miche dume na kubakiza michache tu ya mbegu. Wanunuzi waliisifu kwa ladha ya ganda la limau na udongo uliolowa, lakini Theopista, aliyefua mashati yake, alisikia harufu ya mkojo wa paka, na utomvu wake haukutoka kwa sabuni yoyote. Walisema inatuliza mwili, naye alichoona ni baba wa watoto wawili amelala mchana kutwa, udenda shavuni, akiamka kula chakula cha wanawe, kisha kulala tena. Mwezi Februari mwaka huu, 2024, Devotha alichoka, akahamia na watoto kwa mkwewe, Theopista.

Masika yalipoingia, mavuno aliyoyatundika ndani ya nyumba yaligoma kukauka, harufu ikafika kwa majirani. Jumamosi tarehe 20 Aprili jirani yake, Bi Mwanajuma, alimwuliza mbele ya watu, "We Paschal, humo ndani umefuga fungo?" naye akamjibu, "Bi mkubwa, hiyo dawa ya usingizi, nikufungie kidogo?" Watu walicheka, lakini aliingiwa na hofu ya mgambo, akaziba madirisha kwa nailoni na mlango kwa magunia ili harufu isitoke, akawasha jiko la mkaa la kukaushia, akavuta, akalala. Daktari alisema ameuawa na hewa ya mkaa. Devotha ndiye aliyemkuta asubuhi alipopita nyumbani, maua yakining'inia juu yake.

Ndugu waliomba tuseme ni presha. Theopista angekubali, kama juzi, maiti ikiwa bado mochwari, rafiki zake marehemu wasingemfuata mjane na kumwambia, "Shemeji, pole sana, ila ile mbegu usiitupe."

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa dukani, na Bi Mwanajuma, aliyewapikia waombolezaji tangu siku ya kwanza. Nanyi vijana mliosimama kule nyuma, ahsanteni kwa kuchimba kaburi, ila mjue kwamba bangi yote imeng'olewa na kutupwa chooni, na mbegu Theopista alizichemsha jana kwa mkono wake hadi zikapasuka, kwa hiyo asije mtu kumgongea Devotha mlango kuiulizia.

Pumzika kwa amani, Paschal, wanao tutawalea sisi.