Chungu cha Daktari Qu Hakirudishwi

Tarehe 30 Juni, Daktari Qu Huizhen anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na miwili katika hospitali yetu ya wagonjwa wa akili hapa Shuangyu, Shanxi. Kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Diao Fugui, mkuu wa jikoni. Wenye vyeti wapo tele, lakini nani kati yao amemlisha mama huyu tambi kila mchana tangu siku ya kwanza? Nimepika Taiyuan, nimepika Guangzhou, nimepika hadi melini. Mtu mgumu kuridhishwa kama yeye sijamwona. Siki yangu huionja kwanza kama anakagua sumu.

Alifika akiwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba kama kijiti cha kulia tambi, akapewa chumba cha tiba ya jadi, sindano na mitishamba, kilichopakana na stoo yangu. Siku moja nikamwona anachemsha ngano, kunazi nyekundu na mizizi mitamu ya urukususu. Nikamwambia, “Dada, hiyo ni staftahi, si dawa.” Akanijibu, “Basi kunywa, kaka Diao, labda utapunguza maneno.” Nilikunywa. Mnaonijua mnajua matokeo.

Kazi yake ilikuwa kugombana pande zote mbili. Kuna ndugu wa wagonjwa waliotaka mitishamba tu, vidonge vitupwe. Kuna madaktari vijana waliocheka mitishamba. Yeye alishika vyote viwili, na kila kidonge kilichopunguzwa kilipunguzwa na daktari wa wodi, si na mama mkwe wa mtu. Amefundisha madaktari kumi na mmoja. Watatu kati yao wanajua sasa kula tambi kwa adabu.

Lakini mkiniuliza mimi, wasifu wake ni Hao Runmei, mshona mafarishi ya harusi, yale mablanketi ya pamba. Runmei alifiwa na mtoto mchanga, akaacha kulala, akawa anasikia kilio chini ya sakafu. Tulikaa naye miezi mitatu. Siku aliyonitukana kwamba tambi zangu zimevurugika, nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha. Vuli akarudi nyumbani kwa mumewe.

Mwezi haukuisha, tukasikia Runmei halali tena, na mama mkwe wake, Bibi Kang, amenunua kufuli la chumba cha nyuma. Kufuli likishabanwa katika nyumba kama ile, mtu huozea humo.

Nilimpakia daktari kwenye guta langu la mboga. Bibi Kang alitupokea kwa kunong'ona, “Semeni taratibu, jirani ana masikio ya punda!” Daktari akaonja dawa bakulini, akakunja uso. Ladha ya chuma. Bibi alikuwa anaichemshia kwenye karai la kukaangia! Kwetu hata mtoto anajua dawa ni ya chungu cha udongo.

“Huna chungu, bibi?”

“Sina.”

“Si uazime?”

“Niazime, niulizwe nani mgonjwa? Nijibu nini, mkwe wangu kichaa?”

Vidonge navyo vilikuwa chini ya mchele, vinatolewa siku bibi akikumbuka.

Mimi ningefoka. Daktari hakufoka. Kesho yake alileta chungu chake mwenyewe akamwazima. Na nyote mnajua: chungu cha dawa kilichoazimwa hakirudishwi, maana ukikirudisha unampelekea mwenyewe ugonjwa. Lazima mwenyewe akifuate. Basi kila Alhamisi Daktari Qu alikuja kufuata chungu. Nani amfungie mlango mtu aliyefuata mali yake? Anakaa, anampima Runmei mshipa wa mkono, anahesabu vidonge, anakunywa chai, anaondoka.

“Daktari, umesahau chungu tena!” bibi anamwitia.

“Uzee huu, bibi!”

Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Ilichukua Alhamisi kumi na nne Runmei kulala usiku mzima. Kufuli Bibi Kang akanipa mimi. Nafungia siki, kwa sababu ya madaktari fulani. Tangu hapo vyungu vya Daktari Qu vimetapakaa bonde zima. Si wote waliopona, na mwenyewe hataki tuseme wamepona. Runmei bado anameza vidonge, na kuna misimu inamwelemea.

Alhamisi iliyopita nilimpeleka daktari kwa Runmei kuaga. Tulimkuta Runmei akitoka na chungu, adhuhuri kweupe, akamwaga machicha ya dawa katikati ya barabara, kama wafanyavyo watu wote, ili wapita njia wayakanyage na ugonjwa utawanyike. Miaka yote ile Bibi Kang alikuwa akiyatupa chooni, asionwe.

Jirani akauliza, “Ya nani hayo?”

“Yangu,” Runmei akasema. “Kanyaga vizuri, shangazi, umejaliwa miguu.”

Bibi Kang, na fimbo yake, akamwahi jirani akawa wa kwanza kuyakanyaga.

Daktari Qu, asante. Wenzako wote, na wa jikoni kuliko wote, tunakuombea afya, usingizi mzito na miaka mingi ya kupita njia hizi ukiitwa kila mlango.