Jung-fa kwenye Daraja la Tatu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogeeni. Hsieh Jung-fa ametutoka. Fundi wa redio za magari wa hapa hapa mjini Chiayi, ametutoka.

Mlimjua. Ulimi mkali, mikono myepesi. Redio ya gari iliyotoka kiwandani bila tundu la waya, yeye aliiunga na kicheza-muziki cha mfukoni, ikaimba. Leo nawapeni asubuhi moja tu ya maisha yake.

Asubuhi hiyo Mama Tseng alifika karakanani. Mumewe amefia hospitali. Kabla ya adhuhuri maiti ielekee nyumbani, mlimani, na njiani kuna madaraja matano. Wenyewe mnajua: kila daraja, mmoja wa familia amwambie marehemu, "Tunavuka, tufuate." La sivyo roho hubaki ng'ambo. Lakini Mama Tseng hakuwa na sauti. Koo lake lilipasuliwa. Mwanawe wa pekee alikuwa melini, mbali. Sauti yake alikuwa ameirekodi kwenye kicheza-muziki cha mfukoni, nacho kilisikika kwa visikilizi vya masikioni tu. Nani angemvusha marehemu?

"Sasa hivi tu, shangazi," Jung-fa alitamba.

Akachomoa betri ya gari la Mama Tseng. Akaunga nyaya. Akarudisha betri. Redio ikawaka, ikadai namba ya siri.

Redio zile hujifunga ukizikatia umeme. Alilijua hilo! Haraka ilimsahaulisha. Na namba aliijua mwenye gari tu, mzee Tseng, aliyekuwa jenezani.

"Kichwa maji wewe!" dada yake, Su-chen, alifoka. "Umeiua redio ya wafiwa!"

"Nyamaza, dada. Nipishe."

Akang'oa kikuza sauti cha gari lake mwenyewe, akakiunga kwenye spika za milango ya gari la wafiwa. Muda wa kulehemu haukuwapo. Akaketi nyuma, nyaya kazibana kwa vidole. Su-chen akashika usukani. Mama Tseng akashika udi. Wakalifuata gari la maiti.

Daraja la kwanza: "Baba, tunavuka. Tufuate!" Sauti ya mwana ikajaa garini. La pili, vilevile.

La tatu, kimya.

Kicheza-muziki kimeishiwa chaji. Mama Tseng akageuka, midomo ikifunguka bila neno. Gari la maiti lilikuwa limeshafika katikati ya daraja.

Jung-fa aliujua mwiko: ukimwita maiti wa watu, roho hukuandama wewe.

"Nilimwona kwenye kioo," Su-chen anatuambia. "Rangi imemtoka. Nikamwambia, usithubutu! Una watoto!"

Jung-fa akashusha kioo cha dirisha. Akatoa kichwa nje.

"Baba! Tunavuka! Mimi hapa, tufuate!"

La nne akaita. La tano akaita, sauti imekauka, machozi yanamtiririka kwa hofu.

Hofu hiyo ilikaa naye, wasikilizaji. Kwa miezi mingi mlango ukigongwa, alishtuka. Lakini kila siku ya kusafisha makaburi alipanda mlimani, akafyeka nyasi za mzee Tseng bega kwa bega na yule mwana baharia.

"Nimemwita baba mbele ya mto," alimwambia dada yake. "Nimkane vipi?"

Pole, Su-chen. Poleni, watoto wa Jung-fa. Pole, Mama Tseng, uliyempoteza mwana ambaye hukumzaa.

Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu na moyo wake: jirani akikosa sauti darajani, nani kati yetu atashusha kioo?