Kisanduku Kilichobaki na Ugoro Wangu

Nawasalimu, wapendwa, kwa jina la Yeye aliyenigeuza nikiwa nimelala nimeelekea ukutani. Shule niliishia la pili, lakini mdomo ninao.

Mnamjua mjukuu wangu mdogo, yule wa miguu ya upinde. Meno yake yalitoka ya kahawia, tukayasugua mpaka mtoto akalia. Kumbe ni maji! Daktari akasema visima vingine vya huku Karatu vina madini ya floraidi, huyaoni wala huyasikii mdomoni, lakini yanapinda mifupa. Nikamuuliza, "Kisima gani?" Akasema maji yapelekwe mbali yakapimwe. Yapelekwe na nani, ndugu zangu?

Ndipo dada yake, mjukuu wangu mkubwa, akarudi kutoka chuo. Niacheni nijisifu: binti yule anachora kwenye kompyuta kitu ambacho hakijazaliwa, na unakiona kinageuka. Akachora kisanduku cha kupimia maji. Unatia maji na dawa kwenye kichupa cha sindano ya ng'ombe, rangi inabadilika, taa inamulika upande huu, upande wa pili kijimita kinasoma.

Programu ya kuchorea alipewa na kijana mmoja, mtu wa miradi. Alilala kitandani kwangu, mimi nikalala jikoni na kuku. Akanywa maziwa mgando yangu, akafuta mdomo, akasema, "Bibi, sasa mimi ni mjukuu wako wa kiume." Nikamchinjia jogoo. Programu akasema ni zawadi. Nami nikasimama hapa hapa kanisani, nikawaambia subirini, kipimo kinakuja. Mkanisikiliza.

Siku moja binti anafungua kompyuta, inamwambia muda umekwisha. Michoro yake ipo ndani, anaona majina, haifunguki. Anampigia kijana, ambaye nakala za michoro anazo, simu inaita tu.

Tukasikia kuna mkutano wa maji Wasso. Tukapanda basi, tukala vumbi kutwa. Kufika, nani yuko mbele? Mjukuu wangu wa kiume! Ameshika kisanduku chetu, kimepakwa rangi ya buluu, kimeandikwa jina lake.

Nikasimama. "Baba, hicho kachora huyu binti."

Akatabasamu. "Bibi, kwani nani amekualika?"

"Ulipokula jogoo wangu hukuuliza habari za mwaliko."

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Akasema, "Naomba michoro yangu tu, kaka."

"Ni ya mradi sasa, dada."

Ndugu zangu, nawaambia, mwizi wa usiku unamsamehe, maana hukumpikia. Nilirudi nikalala. Kanisani sikuja. Mtu akinisalimia, najiuliza anataka kuniibia nini. Na ninyi, baadhi yenu, mlikuwa mkisema kisimani, "Bibi Kipimo kaishia wapi?" Niliwasikia. Na mtoto akaendelea kunywa yale yale maji, maana hatukujua mengine.

Sasa sikilizeni. Binti kaniletea uji, mimi nachovya ugoro. Akaganda. "Bibi! Hicho unachowekea ugoro!"

Kilikuwa kisanduku cha kwanza kabisa. Fundi seremala aliyekiunda alipasua kifuniko, wakakitupa chote, mimi nikakiokota. Matundu yote yapo. Akamwaga ugoro wangu kwenye sahani, akapiga chafya mpaka machozi, akaanza kupima tundu moja moja.

"Utachorea nini?" nikamuuliza.

"Kuna programu huria, Bibi. Ya bure."

Nikatupa kijiko. "Bure! Yule naye alianza na bure."

"Hii tumbo lake liko wazi. Ikiharibika naingia mwenyewe natengeneza. Hakuna wa kunifungia."

Ikaharibika kweli! Vichupa havilingani unene. Akibadilisha kipimo cha kichupa kwenye mchoro, tundu la taa linahamia upande mwingine. Ni kama upanue gauni kiunoni, mfuko ukimbilie mgongoni. Akawaandikia wenye programu, watu waliotawanyika nchi za mbali. Wakabishana naye, wakamwelekeza, wakamkatalia, akarudia. Siku waliyokubali marekebisho yake, alipiga kelele mbuzi wakakimbia. Leo yeyote anayeichukua programu ile anachukua na jasho la mjukuu wangu. Nikauliza, hawa nao wanataka nini? "Wanataka tusiwafungie wengine."

Kisanduku kipya kikaundwa, tukapima. Kisima chetu ndicho kibaya. Chemchemi ya juu ni salama, na wengi wenu mnachota huko sasa. Miguu ya mtoto haitanyooka. Lakini mdogo wake aliyemfuata kuzaliwa, mfungueni mdomo: meno meupe.

Juzi kijana ametuma ujumbe. Kisanduku chake hakikubali vichupa vya wafugaji wa Piyaya; anaomba mchoro wetu mpya. Nikafoka, "Asipewe!"

Binti akasema, "Mchoro uko wazi, Bibi, hata bila kuomba anauchukua. Nikimfungia yeye, nimewafungia na watoto wa Piyaya."

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi sikumzuia.

Namshukuru mama aliyekuwa anafagia uwanja wangu nilipolala, bila kuniuliza kitu. Nawashukuru wale wa mbali nisiowajua sura. Na fundi wa kifuniko, Mungu ambariki mkono wake mbaya. Ninachowaachia ni hiki: ukipewa zawadi, uliza ufunguo anabaki nao nani.

Kijana mchoro achukue. Watoto wapimiwe maji. Lakini akipita Karatu, aje amekula.