Majivu Nyuma ya Nyumba

Kwenye kona ya barabara iendayo stesheni, hapa Kindu, miaka ile Mbelgiji alipopiga king'ora watu wakaamka, akapiga tena wakalala, Waziri aliuza kahawa nyuma ya ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Ubao ule ulikuwa na sheria yake: mwenye shida hutiwa kikombeni kipande cha sukari ya pole, na kila mwenye maoni humtia chake. Asubuhi hiyo mwenye shida alikuwa Muzee Assani, aliyeitwa Sifule kwa kuwa alipuliza filimbi ya stesheni miaka ishirini na sita. Tangu mvua za mwaka jana hakuwa amelala usiku mmoja ukatosha. Mkewe, Mwanahamisi, alikuwa na wiki ya tatu kwa binti yao, mjini Kalima. Ng'ambo ya barabara kamyo ya mizigo iendayo Kalima ilikuwa inapakia, na dereva wake, Florentin, alingoja neno moja tu kutoka kwa mzee: mama arudi, au abaki.

— Naamuka mara tano, akasema Sifule. Nakunywa maji, naenda kukojoa. Nikirudi, kiu iko palepale inaningojea.

— King'ora njo inakuharibu, akasema Kasimu, ambaye pale ubaoni ni Avoka, yaani wakili, maana hajawahi kushindwa kwa maneno hata anapokosea. Uliwapulizia bengine filimbi miaka yote ile. Sasa inakurudilia. Haba na haba hujaza kibaba.

Akatumbukiza kipande cha sukari kikombeni mwa Sifule.

— Hapana, akasema Musafiri, aliyezeekea kwenye meli za mto. Ni ile kitanda ya chuma ulinunua kwa muzungu mwenye alirudi Bulaya. Kitanda inatafuta bwana yake. Inakuamusha uende kuangalia kama amefika. Bakubwa walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

— Kitanda si nguo, Musafiri.

— Na shuka?

Kipande cha pili. Waziri naye hakutaka kuachwa nyuma kwenye ubao wake mwenyewe.

— Muzee, wakati ya ujana ulikulaka samaki ya chumvi mingi. Chumvi haisahau. Ilijificha ndani ya mifupa, leo inadai maji yake. Ukikunywa, inasema: lete ingine.

Kipande cha tatu. Sifule akanywa, na kahawa ilikuwa tamu hasa. Siku hizi ndio utamu pekee aliobaki nao, na aliwapenda wenzake kwa ajili yake.

— Na ile majivu? akauliza Avoka kwa sauti ya chini.

Sifule akashusha kikombe. Ndilo neno alilokuwa analiogopa, na mwenyewe ndiye aliyekuwa amelileta ubaoni siku za nyuma. Kabla mkewe hajaondoka, kila asubuhi alikuta majivu mapya nyuma ya nyumba, chini ya ukuta. Siku moja, mbele ya jirani, akamwuliza Mwanahamisi: unaniroga? Baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa. Mwanamke alifunga nguo zake akaondoka.

— Mwanamuke mwenye kumwaga majivu kwa siri, hapana kumuita, akasema Avoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Avoka, ule mwaka nilikuwa na homa, yeye njo alinilisha na mukono yake mwezi muzima. Muntu wa kuniroga angengoja mpaka leo?

— Walozi wako na uvumilivu, akasema Musafiri. Mvumilivu hula mbivu.

Pembeni alisimama mama mmoja ambaye ubao ule haukumjua, Philomène, mfua mashuka wa hospitali, akingoja kahawa yake.

— Baba, samahani, akasema. Ile majivu ilikuwa mahali gani kabisa?

— Kwenye naendaka kukojoa usiku.

— Na sisimizi?

Sifule akaitazama miguu yake.

— Walikuwaka wengi. Wakaniuma miguu. Kiisha wakapotea.

— Hawakupotea. Mama alikuwa anawafukuza na majivu, wasikuume tena. Mimi nafua mashuka ya wazee wenye ugonjwa ya sukari. Nikiyaweka chini, sisimizi wanafika mbele sabuni ifike, maana mukojo yao iko na sukari. Na wale wazee hawalalaki: kiu na mukojo, mukojo na kiu, mpaka asubuhi. Uende wakupime. Kitu ya kwanza daktari anawakatazaka ni sukari.

Kisha akakitazama kikombe.

— Nani anamutia sukari yote hii?

Avoka alisogeza mkono wake mbali na sukari. Musafiri alifuta vidole vyake kwenye suruali. Waziri akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Sifule alisimama, machozi yakimtoka bila kujificha, akavuka barabara hadi kwenye kamyo.

— Florentin, mwambie mama arudi. Mwambie nimeona sisimizi.

— Sisimizi tu, muzee?

— Atajua. Na umwombe anisamehe. Mwambie leo naenda kwa daktari. Mpaka afike, majivu nitamwaga mwenyewe.