Asiyeitika Magharibi

Risala ya Kikundi cha Liwazo, Woolwich, kwa mgeni rasmi, Daktari Madhu, mwenyekiti wa bodi ya huduma za afya ya akili. Imesomwa na katibu, Bwana Talib, Desemba 2003.

Mgeni rasmi, Daktari Madhu,
Bibi mwenyekiti wetu,
Mama zetu, baba zetu, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa kwenye baridi hii,

UKARIBISHO

Karibu Woolwich. Tunajua umetoka Rayners Lane, umeikata London nzima kutufikia, na treni nazo leo zilikuwa na vituko vyake. Tunajua pia kwamba umezaliwa Kisumu, na kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyetaka risala hii isomwe kwa Kiswahili. Habari hiyo ilipotufikia, mwenyekiti wetu, Bibi Winifrida, alikaa kitako akacheka, akasema basi safari hii hatutatafuna maneno. Usitushangae kukaa na makoti. Hita ya ukumbi huu ina mambo yake, na leo imegoma. Chai ipo, na sambusa zipo, na hazikununuliwa dukani.

Utaona pia tumewasha taa zote, hata ya stoo, na bado ni alasiri. Mwezi huu magharibi ya London huingia mapema mno, watu hawajamaliza hata chai ya mchana. Hatukutaka ituingilie tukiwa gizani. Sababu yake utaisikia mbele, na tunakuomba usitucheke kabla hatujafika.

HISTORIA

Kikundi hiki kilianza mwaka 1997 sebuleni kwa Bibi Winifrida. Walikuja Wazanzibari na Wapemba na vilio vyao, wakaja Wakongo wa Uvira na Bukavu na vyao. Waislamu kwa Wakristo, wafagiaji kwa makarani, kila mmoja na Kiswahili chake, na mwanzoni tulichekana sana. Tulikuwa tukikutana kwa ajili ya misiba. Baadaye tukagundua kwamba wapo wenzetu ambao hawajafa, ila nao hawapo. Mtu anaacha kazi, anaacha kufungua pazia, chakula kinamshinda. Ukimuuliza, anasema moyo umekuwa mzito. Daktari akimuuliza, anasema tumbo, maana hilo ndilo linalosemeka. Tukaona tusingoje misiba.

MAFANIKIO

Hatuna mengi ya kujisifia, lakini hakuna mwenzetu anayelazwa siku hizi bila mmoja wetu kumpelekea uji. Manesi wa wodi mbili wamekubali kukaa nasi, tukawaeleza kwamba mtu akiinamisha macho mbele ya mkubwa wake hafichi kitu, anaheshimu. Mmoja wao alitoa machozi. Tungeweza kuongeza, ila saa inakwenda na dirisha lile limeshaanza kuwa jeusi.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kawaida ya risala ni kutaja changamoto nyingi kwa ufupi. Sisi tutataja moja kwa urefu. Mwenyewe ameturuhusu.

Anaitwa Bi Mwanamwema, Mpemba wa Wete. Mkono wake ni mwepesi wa kushona kofia, na ulimi wake mwepesi zaidi wa kutania watu. Alikuja nchi hii na binti yake, Sundus, ambaye wakati ule alikuwa mdogo wa kubebwa usingizini. Sundus sasa yuko sekondari. Anaelewa Kiswahili chote, lakini hukujibu kwa Kiingereza, na mama yake humjibu kwa Kiswahili, na wameelewana hivyo miaka yote.

Baba hayupo. Siku za vurugu, miaka ile ya tisini, mume wake Asad alikuwa nyumbani, yeye Bi Mwanamwema anachuja tui jikoni, adhana ya magharibi imekwisha. Mtu akaita nje, "Asad." Sauti ilikuwa ya jirani yao, haina shaka. Asad akaitika naam, akavaa makubadhi, akatoka. Chai yake ilipoa pale pale. Hakurudi, na hakuna aliyemwona tena. Asubuhi yake jirani aliapa msikitini, mbele za watu, kwamba jioni ile alikuwa matangani upande mwingine wa mji, na hakumwita mtu.

Sisi wa pwani tumelelewa na jambo hili, Daktari. Magharibi ikishaingia, ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Unangoja. Aliye binadamu atakuja mbele yako akuite uso kwa uso. Kisicho binadamu hakiji mbele. Wakongo wenzetu wanasema hata kwao bibi zao waliwafundisha vivyo hivyo. Asad naye alifundishwa. Siku hiyo alisahau tu, na Bi Mwanamwema hajaacha kujiuliza kwa nini yeye, aliyekuwa karibu, hakumshika shati.

Mwaka huu majani yalipoanza kupukutika akaacha kulala. Jioni ikiingia anafunga komeo, anachomoa nyaya za kengele ya mlango. Siku moja jirani, mzee wa watu mwenye wema wake, alimwita Sundus kutoka kwenye korido la fleti. Mama akamrukia mtoto akamziba mdomo kwa kiganja asiitike, akamziba kwa nguvu mno. Mtoto aliogopa, akaeleza shuleni. Hatumlaumu mtoto, wala hatuilaumu shule. Bi Mwanamwema akachukuliwa, akawekwa wodini kwa amri ya sheria, na yupo huko mpaka leo.

Wodi ile ilikuwa na spika kwenye korido. Jioni wagonjwa waliitwa kwa spika, mmoja mmoja, waende wakanywe dawa. Ndiyo sauti isiyo na mtu, na kwa saa zile zile. Bi Mwanamwema hakuitika. Wakaandika kwamba hasikilizi, hataki dawa, amejitenga. Wakamwita Sundus awe mkalimani. Daktari wa wodi akamwambia mtoto amuulize mama yake kama kuna sauti zinazomwita. Mama akasema, ndiyo, kila magharibi. Mtoto akatafsiri sawasawa, na dawa zikaongezwa mpaka mikono ikaanza kutetemeka, asiweze hata kutunga uzi kwenye sindano. Mtoto wa shule kumtafsiria mamake wazimu wake, Daktari, hilo lilituuma kuliko yote.

Tulikwenda. Tukaeleza desturi yetu. Sista mkuu wa wodi alitusikiliza vizuri, Mungu amzidishie, akaamuru spika ikatwe. Ikakatwa kweli, na waya ukafungwa kwa tepu. Tulitoka pale tunapongezana. Tukadhani yameisha.

Hayakuisha. Dada yetu Marie-Claire, wa Uvira, ndiye anayefanya usafi kwenye wodi hiyo. Wiki iliyofuata, jioni, alikuwa anapiga deki korido tupu, akasikia mtu anaita. Alisimama na fimbo ya deki mkononi. Alikuja kwetu siku ile ile hajavua sare ya kazi, akatuambia hivi, na tunayanukuu alivyoyasema: "Ile sauti niliisikia na miye. Ya mwanaume. Ilikuwa inaita jina yake yote, muzuri kabisa."

Utuelewe, mgeni rasmi. Wodini pale hakuna anayeweza kulitamka jina la Bi Mwanamwema. Wao humwita Mama M, na yeye ameridhika. Spika imekatwa. Mwanamume hakuwapo korido lote lile. Marie-Claire akachungulia chumbani. Bi Mwanamwema alikuwa amekaa kitandani ameuma kanga, machozi yanamtoka, hatoi sauti.

Kesho yake mchana, tukiwa tumekaa mbele yake, akatueleza. Ukikaa mbele yake anaongea vizuri, na bado anatania. Alisema anayemwita ni Asad. Anamwita taratibu, kama alivyokuwa akimwita wakiwa wawili peke yao, kwa ile haya yake ya ujana. Na yeye anataka kuitika. Hakuna anachokitaka duniani kama kuitika. Anauma kanga kwa sababu hajui kama ni Asad, au ni kile kilichomwita Asad.

Sisi hatujui ni nini. Wapo miongoni mwetu wanaosema ni majonzi, wapo wanaosema ni shetani, wapo wanaosema yote mawili hukaa nyumba moja. Dawa zenu hatuzikatai. Usingizi umemrudia kidogo, na tunashukuru.

Lakini Alhamisi hii kuna kikao cha bodi yako kuhusu yeye. Tumeambiwa waziwazi kwamba wanamtazama aonyeshe nafuu, na nafuu yenyewe imepimwa kwa jambo moja, kwamba akiitwa, aitike. Asipoitika, atahamishiwa hospitali ya milango iliyofungwa, mbali na London, ambako nesi huita kwa kitundu cha mlangoni na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia hujambo. Sundus naye, ambaye sasa anakaa kwetu, atapelekwa kwa watu wasiomjua. Mtoto amemwangukia mama yake, amelia, amemwambia aitike tu mara moja warudi nyumbani. Alimwomba kwa Kiswahili. Hatujawahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu namna ile.

Juzi Bi Mwanamwema alimshika mkono Marie-Claire, akamwambia, "Alhamisi nitaitika. Mtoto amechoka."

Akamwomba amwekee makubadhi yake karibu na kitanda. Daktari, tangu tusikie habari ya makubadhi hayo, hatujapata usingizi sisi.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Hita ni mojawapo. Tumeyaweka pembeni.

Tunaomba kabla ya Alhamisi ipite amri, kwamba Bi Mwanamwema asiitwe na mtu asiyemwona. Anayemtaka aende akasimame mbele yake, amtazame, ndipo amwite. Tunaapa ataitika. Tunaomba mtoto asitafsiri tena, atafutwe mkalimani mtu mzima, mwenye kulipwa, ajuaye kinachosemwa na kinachonyamaziwa. Na tunaomba ruhusa ya kukaa naye, mmoja wetu kila magharibi, Mwislamu au Mkristo, kwa udi au kwa sala, mpaka giza limkubali. Hatuahidi kumponya. Tutakaa tu mahali atakapotuona.

Mgeni rasmi, risala yetu iliishia hapa ilipopigwa chapa. Yafuatayo tumeyaongeza kwa kalamu hivi punde, ulipokuwa unapokea chai.

Ulipokuwa unapanda ngazi zetu, taa ya chini imekufa, ngazini kiza kilikuwa kimeitangulia magharibi. Mtu alikuita kutoka chini nyuma yako. Aliita, "Daktari Madhu." Sisi tuliokuwa mlangoni juu tulisikia, wote. Wewe ulisimama, mkono kwenye reli. Hukugeuka. Hukuitika. Ulingoja, midomo umeibana, kama mtu aliyefundishwa zamani na bibi yake huko Kisumu. Baadaye Justin, mtunza ukumbi wetu, akatokea hapa juu mbele yako na birika mkononi, akakukaribisha kwa jina, ukamjibu huku unatabasamu.

Tumemuuliza Justin. Anasema alikuwa jikoni muda wote anachemsha maji, hakushuka chini, na hakukuita. Mlango wa barabarani tumeukuta umefungwa kwa ndani.

Hatujui ni nani. Tunachojua ni kwamba hukuitika, na hapa hakuna aliyechukua kalamu akakuandika mgonjwa. Tulikuhurumia tu, tukakupisha ukae karibu na taa. Alhamisi, wakimleta yule mama mbele yenu, tunakuomba ukumbuke ulivyoshika reli ile.

Mola akujalie afya, akulinde katika kazi hii nzito, na ahadi utakayotuachia leo iwe nyepesi mkononi mwako. Utakaposhuka, Justin atatangulia na tochi, na sisi tutakuwa mbele yako na nyuma yako. Atakayekuita kati yetu atakuja kwanza usoni pako.

Ni sisi, tuliokaa na taa zimewaka,
Kikundi cha Liwazo, Woolwich.